Ndago Fijo

Simu ilinikuta barazani kwangu Mlandege, Iringa, nikichambua maharage, kazi ambayo mke wangu amenipa tangu nistaafu ili nisimzungukiezungukie jikoni. Sauti ya mwanamke iliniuliza kama mimi ndiye yule bwana shamba aliyewahi kukaa Tukuyu. Nikasema ndiye. Akasema yeye ni Tusajigwe, mtoto wa Mama Tusa, kwamba mama yake amefariki jana na maziko ni keshokutwa, hapo Chimala. Kisha akaongeza, bila kubadilisha sauti, kwamba marehemu aliagiza Bwana Ndago aambiwe. Jina hilo sikuwa nimeitwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mke wangu akauliza nani amekufa. Nikamjibu, mkulima mmoja wa zamani, na papo hapo nikaona aibu, maana hata akiwa maiti nilikuwa bado nampunguza yule mama.

Mimi nimekula mshahara wa magugu maisha yangu yote. Wenzangu walishika kahawa, chai, ng'ombe; mimi nilishika majani yanayoota chini ya mgomba, na nikaitwa mtaalamu. Semina za ndizi nimezifundisha nyingi, Mbeya na Iringa, na nilikuwa na kisa kimoja ambacho nilikitoa kila mara baada ya chakula cha mchana, saa ambayo wakulima wanasinzia. Kisa cha mama mmoja aliyeambiwa apalilie migomba yake akakaa tu, mpaka mikungu ikatoka na chane nne, ndizi zenyewe kama vidole gumba. Nilikuwa naiga hata mwendo wake, mikono kiunoni, akitazama majani yanavyokua. Watu walicheka sana. Nilikirudia kisa hicho mpaka miaka mingine nikakiamini. Yule mama ndiye huyu aliyefariki, na hakuna hata neno moja la kisa kile lililokuwa kweli, isipokuwa ukubwa wa ndizi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni, niko kwenye kipindi cha majaribio. Ningefanya vizuri ningethibitishwa kazini, ningevurunda ningerudishwa nyumbani. Nilipangiwa kijiji kimoja juu ya Tukuyu ambako mvua hainyeshi bali inakaa, na shuka haikauki kuanzia Machi hadi Juni. Nikapata chumba cha uani kwa Mama Tusa. Kilikuwa cha mbao, kitanda kimoja, dirisha dogo la kufunika kwa ubao, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio huo huo ukuta wa jiko la mama mkwe wake. Moshi wa jiko hilo ulipita kwenye nyufa, na maneno nayo yalipita. Mama Tusa mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka labda ishirini na minane, mrefu, ana mtoto mchanga mgongoni, ndiye huyo Tusa, na mume wake Ambakisye alikuwa Chunya anachimba dhahabu, anakuja mara mbili kwa mwaka.

Jioni ya kwanza alinipakulia mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage zikapondekapondeka, na kikombe cha maziwa mgando. Mimi Mhehe niliyezoea ugali, nilikula mpaka nikafungua mkanda. Nikataka kushukuru kwa lugha yao. Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia kwenye basi siku hiyo hiyo, ndaga, na ukitaka kuongeza uzito unasema ndaga fijo. Nikajiweka sawa, nikasema kwa sauti, "Ndago fijo, mama." Mama mkwe akaweka bakuli chini. Mama Tusa akacheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Ndago, kama mkulima yeyote anavyojua, ni lile gugu lenye vijiazi chini ya ardhi, ukiling'oa leo keshokutwa limerudi na ndugu zake. Nilikuwa nimemshukuru mwenyeji wangu kwa kumwambia magugu mengi sana. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinaniita Bwana Ndago, na watoto waliotumwa kwangu walisema wameagizwa kwa Bwana Ndago bila kujua kama kuna utani ndani yake.

Kazi niliyopewa ofisini ilikuwa jaribio la magugu. Nilitakiwa nipate migomba ya mkulima mmoja, niigawe sehemu mbili. Sehemu moja ipaliliwe kama kawaida, nyingine iachwe na majani yake kwa miezi minne, halafu nayo ipaliliwe. Muda wote nipime unene wa shina, nihesabu majani ya mgomba, niandike lini umetoa ua na mkungu umekuwa na chane ngapi. Nikamwomba Mama Tusa, kwa kuwa migomba yake ilikuwa mlangoni pangu na mimi sikupenda kutembea kwenye matope. Alisikiliza akiwa ameshika panga. Kwanza alinifundisha bila kujua ananifundisha. Alichutama kwenye shina moja, akafukua kwa vidole viwili tu, mizizi ikaonekana hapo hapo juu. "Mgomba haufuati chakula mbali," aliniambia. "Unakula hapa juu, na majani nayo yanakula hapa hapa. Sahani moja, bwana shamba. Ukiachia mikono mingi, mwenye sahani analala njaa." Vitabu vyangu vya chuo vilisema hivyo hivyo kwa kurasa kumi na mbili.

Halafu akaniambia lililomsumbua, na hili sikulisoma popote. Kule kwao migomba inazunguka nyumba, huwezi kuufikia mlango bila kupita kwenye migomba, kwa hiyo mgeni anamsoma mke kabla hajamwona. Chini ya migomba kukiwa safi, majani makavu yametandazwa, watu wanasema humu mna mwanamke. Kukiwa na pori, wanauliza kama humu mna msiba. Mume wake yuko mbali, mama mkwe yuko karibu, na nyumba nzima inamtegemea yeye. Aliogopa ataonekanaje. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nitaweka kibao chenye maandishi makubwa kwamba hili ni jaribio la serikali, na zaidi ya kibao, watu wakiuliza nitasema mimi. Aliniuliza kama nitasema kweli. Nikasema nitasema. Tukafunga kamba ya katani kuzunguka mashina kumi upande wa njia, na akaniachia.

Kibao nilikichonga, nikakipiga rangi nyeupe, kikakosa maandishi kwa sababu rangi nyeusi iliisha. Nikakiweka chumbani kisubiri rangi. Kikawa meza nzuri ya chupa ya chai na kioo cha kunyolea, na hapo kilikaa mwaka mzima. Hilo tu lingetosha kuniaibisha, lakini si lenyewe.

Mwezi wa tatu wa jaribio niliitwa kozi ya mwezi mmoja, Iringa. Siku ya kuondoka Mama Tusa alikuwa ameshuka mnadani, basi lilikuwa linapiga honi barabarani, nikachana karatasi kwenye daftari la vipimo, nikaandika haraka na kuichomeka kwenye mlango wake. Iringa kozi ikaisha, mimi sikurudi. Kulikuwa na msichana Mlandege, ambaye leo ndiye ananipa maharage nichambue, na kulikuwa na jua, na shuka kavu. Nikatuma barua ofisini kwamba naumwa. Wiki zikawa miezi. Nikitaka kujitetea ningesema nilisahau, lakini sikusahau. Kuna asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikahesabu kwa vidole, nikaona ile miezi minne imepita na ile sehemu inatakiwa ipaliliwe wiki hiyo hiyo, nikamimina chai nyingine.

Nilirudi kwa sababu nililetewa barua kwamba mkuu wetu wa kilimo wilayani anakuja kufanya siku ya wakulima kwenye lile jaribio langu. Nilifika siku moja kabla, mchana, na kutoka barabarani niliona. Ndani ya kamba majani yalikuwa kifuani. Sangari ilikuwa imetambaa chini kwa chini ikaingia katikati ya mashina, ndago imejaa kila penye nafasi, na migomba yenyewe ilikuwa imekonda, majani ya njano, mikungu miwili midogo imening'inia kwa haya. Machipukizi, ambayo ndiyo mgomba wa mwakani, yalikuwa yamenyongwa kwenye nyasi. Hatua mbili tu kutoka hapo, nje ya kamba, migomba ile ile ya udongo ule ule ilikuwa imebeba mikungu mpaka imeegemezwa miti. Ungepiga picha ukafundishia chuo kizima bila kusema neno. Mama Tusa alitoka ndani na panga mkononi, limenolewa. Hakunilaumu. "Ulisema mpaka urudi," aliniambia. "Umerudi. Nianze?" Nikamwambia asianze, mkuu anakuja kesho, akikuta tumekata atasema tumeficha jaribio. Hapo niliamua kwa ajili yangu mwenyewe, siyo kwa ajili yake.

Alfajiri niliamshwa na moshi. Upande wa pili wa ukuta mama mkwe alikuwa anakoka moto na kuongea na mtu, na sauti iliyomjibu ilikuwa ya mwanamume: Ambakisye alikuwa amerudi kutoka Chunya wakati mimi sipo. Kinyakyusa changu kilikuwa kimeshafika mahali pa kuelewa zaidi ya nilivyotaka. Bibi alisema watu wanaopita kwenda kanisani wanauliza nani amekufa kwenye nyumba hii. Alisema mke anayefuga majani mlangoni, ndani ya nyumba anafuga nini. Ambakisye akasema mke wake amemweleza ni kazi ya bwana shamba. Bibi akacheka kidogo, akauliza ni bwana shamba gani analipwa kupanda magugu, na huyo bwana shamba yuko wapi miezi yote hiyo. Nikasikia kuni zikivunjwa. Ambakisye akasema basi, leo atamuuliza mwenyewe mbele ya watu. Nililala palepale nikiangalia kibao changu cheupe chenye chupa ya chai juu yake. Ningeweza kuinuka, nikagonga mlango wa lile jiko, nikasema. Ilikuwa hatua kumi.

Mkuu alifika na gari na watu wawili wa ofisini, kijiji kikakusanyika njiani, wanaume mbele, wanawake kwenye kingo za migomba. Yeye alikuwa mtu wa hasira za haraka. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye kamba, akashika mkungu mmoja mdogo kwa vidole viwili, akageuka kwangu. Akauliza karatasi ya jaribio inasemaje. Nikasema miezi minne. Akauliza hii ni miezi mingapi. Nikasema ni zaidi. Akauliza basi kwa nini haikupaliliwa, na kibao kiko wapi, na vipimo viko wapi, maana alikuwa amelifungua daftari na kurasa za miezi yote ile zilikuwa nyeupe. Mama Tusa alikuwa amesimama karibu na mlango, mtoto mgongoni, na nilimwona akishika pindo la kanga yake, lile fundo la kiunoni ambamo wanawake wanatunza vitu vidogo. Vidole vyake vilianza kulifungua.

Nikasema, "Nilimwambia apalilie, mzee. Mama huyu ni mzito kusikia."

Ilitoka kwa urahisi sana. Sikupanga, na kutopanga hakunisaidii hata leo. Mkuu akatikisa kichwa, akawageukia wanakijiji, akawaambia watazame wenyewe uvivu unavyokula ndizi. Wapo waliocheka. Ambakisye hakucheka. Akasogea mpaka mbele yangu, mtu mpana mwenye vumbi la Chunya kwenye kucha, akaniuliza polepole, kwa Kiswahili, ili asikosee, "Bwana shamba, ulimwambia apalilie?" Alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Alikuwa ananiomba nimsaidie kumwamini mke wake. Nikasema, "Nilimwambia." Nikamtazama Mama Tusa mara moja. Vidole vyake vilikuwa vimelifunga tena lile fundo. Akanitazama, siyo kwa hasira, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni, akasema, "Ndaga, bwana shamba." Kisha akaingia ndani kupakua mbalaga ya wageni, na mimi nikala, kwa sababu mkuu alikuwa amekaa karibu yangu na angeuliza kwa nini sili.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa Njombe, na mwisho wa mwaka nikathibitishwa kazini. Habari nilizipata vipande vipande kwa watu wa Tukuyu. Ambakisye alichukua migomba ya mlangoni akampa mama yake aitunze, na baadaye akamwoa mwanamke mwingine ili awe na mwenye migomba. Hakumfukuza Mama Tusa, lakini mke aliyenyang'anywa migomba yake kule hahitaji kufukuzwa. Alimbeba Tusa akashuka kwa kaka yake Chimala, kwenye joto na mpunga, mahali ambapo hata mgomba unapandwa kwa kubembelezwa. Miaka mingi baadaye nilimwona. Gari letu la ofisi lilisimama Chimala kununua mchele, na mwanamke mrefu mwenye sinia la ndizi mbivu kichwani akaja kwenye dirisha la upande wangu. Nikageuza uso nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti. Akasimama pale muda mfupi. Dereva akauliza kama nataka ndizi, nikasema nimeshiba. Siku ile nilikuwa naelekea Rujewa kufundisha semina, na baada ya chakula cha mchana nilitoa kisa changu.

Nilienda kwenye maziko peke yangu. Turubai lilikuwa limefungwa nyuma ya nyumba ya tofali za kuchoma, na nyuma ya turubai, nilipoona nilisimama, kulikuwa na migomba, mashina kama ishirini, inamwagiliwa na mfereji mdogo, na chini yake kumetandazwa majani makavu, safi, hakuna hata unyasi. Tusa alinipokea. Ni mwalimu wa shule ya msingi sasa, mrefu kama mama yake. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia kwa shida. Akatoa kitabu cha nyimbo, na ndani ya kitabu mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi yenye mistari iliyopauka na kukatika kwenye mikunjo. Alisema mama aliagiza nipewe mkononi. Niliujua mwandiko kabla sijasoma. *Mama Tusa, nimekukosa. Kwenye kamba usipalilie mpaka nirudi, hata ikizidi. Watu wakiuliza nitasema mimi. Ndago fijo. Bwana Shamba.*

Nikamwuliza Tusa, ingawa nilishajua, siku ile karatasi hii ilikuwa wapi. Akasema ilikuwa kwenye kanga. Nikauliza kwa nini hakuitoa. Akaangalia kando. "Na mimi nilimuuliza hivyo," alisema. "Shuleni walinitania kwamba mama yangu alishindwa na majani. Nilikasirika naye kuliko na wewe. Aliniambia, yule alikuwa mtoto wa watu, kazi yenyewe hajathibitishwa. Mimi nilikuwa na mikono yangu." Nikaomba kiti.

Wasifu wa marehemu ulisomwa, mfupi, na msomaji akasema tunaye mtaalamu aliyefanya kazi na marehemu, atupe neno. Nilisimama na karatasi. Sikuwa na hotuba, nikaisoma kama ilivyo. Nilipofika kwenye ndago fijo wale waliotoka Tukuyu wakacheka, kicheko kile kile cha jioni ya kwanza, na nikangoja kiishe. Kisha nikasema nani aliiandika, na lini, na nilichosema mbele ya watu siku ya wakulima, na kwamba nimekisema tena kwenye semina kwa miaka yangu yote kazini ili watu wacheke. Hakuna aliyecheka tena. Mstari wa mbele alikuwa amekaa mzee mpana mwenye fimbo, ambaye sikuwa nimemtambua. Masikio yake yameshachoka, na kijana aliyekaa naye ilibidi amrudie kila kitu kwa Kinyakyusa, sentensi kwa sentensi, sikioni. Nilisimama pale nikisikia uongo wangu ukitafsiriwa pole pole. Ulipofika mwisho Ambakisye aliinua uso.

"Mimi siku ile nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, mzee."

Akangoja kama kuna kingine. Hakikuwepo. Akarudisha macho yake kwenye jeneza, na mchungaji akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini. Nikakaa na karatasi yangu magotini. Neno la Kinyakyusa la kushukuru sasa nalijua vizuri na naweza kulitamka bila kukosea, lakini sikulisema.